Kwa baiskeli kando ya msitu wa Bugoma: mambo ya kujua kabla hujatoka

Mvua ikipungua na njia zikakauka, baiskeli nyingi Kyangwali hutolewa nje. Wengine hubeba mahindi kwenda sokoni, wengine huteremka ziwani kununua samaki, na siku hizi wapo vijana wanaotoka Jumapili kwa matembezi tu, kupanda vilima na kuona nchi. Hakuna ubaya hapo. Ila habari zinazotufikia baadaye ni zilezile: breki zilikataa kwenye mteremko, fulani amezuiwa na walinzi wa msitu, fulani amegombana na mwenye shamba kwa sababu alipita katikati ya maharage.

Ikiwa una baiskeli, au unafikiria kununua (ndugu zetu waliotoka Kongo, ile mnayoiita kinga), soma haya kwanza.

Uko kwenye ardhi ya namna gani

Makazi ya Kyangwali yako wilaya ya Kikuube, magharibi mwa Uganda. Karibu nayo kuna msitu wa Bugoma, hifadhi ya serikali kuu yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 400. Upande wa magharibi ardhi inakatika na kushuka mamia ya mita hadi Ziwa Albert. Ukivuka ziwa kutoka Ituri mwaka 2018 unaukumbuka mwinuko huo vizuri, kwa kuwa ndio ulioupanda ukiwa na vitu vichache ulivyookoa.

Kwa hiyo hapa mwendesha baiskeli anakutana na njia za aina tatu. Kuna barabara za murram, pana na zenye vumbi jekundu. Kuna vijia vya miguu kati ya mashamba na visima. Halafu kuna njia zinazoingia msituni. Usizichukulie kuwa kitu kimoja, kwa sababu kila moja ina wenyewe na ina hatari zake.

Kwenye barabara kubwa, jambo la kwanza ni upande. Uganda tunapita kushoto. Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini wanapita kulia. Mtu aliyekulia kule anaweza kukaa hapa miaka mitatu bila kukosea, kisha siku moja lori likitokea ghafla kwenye kona, mikono inampeleka kulia kama alivyozoea utotoni. Ukiwa mgeni, tembea na baiskeli wiki za mwanzo na utazame wengine wanavyopita kwenye njia panda. Wafundishe watoto pia, maana wao ndio wanaotumwa dukani jioni. Malori yanayohudumia mradi wa mafuta kando ya ziwa nayo yanapita ukanda huu, na dereva aliye juu kwenye vumbi hakuoni kama unavyodhani.

Kwenye vijia vya mashambani shida haiwi lori, huwa jirani. Kijia kinachopita kati ya mihogo kinaweza kuwa njia ya watu wote, au kinaweza kuwa njia ambayo mwenye shamba aliwaruhusu watu wachache wapite. Mvua ikinyesha, tairi linakata mfereji, maji yanaufuata, na msimu ujao udongo wa juu umekwenda. Mwenye shamba anaona hasara, wewe unaona njia ya mkato. Muulize. Akisema zunguka, zunguka. Ukikuta mtu amebeba maji kichwani, shuka umpishe. Ukikuta ng'ombe, usipige kengele wala kelele, simama kando wapite na mchungaji wao.

Mteremko na breki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapovunjika.

Baiskeli nyingi za hapa ni zile nyeusi kubwa, aina ya Hero au Phoenix, zenye breki za vyuma virefu vinavyovuta raba mbili kwenye rimu. Ni baiskeli imara, zinabeba mzigo na kila fundi anazijua. Lakini breki zake zilikusudiwa barabara tambarare. Rimu ikilowa, raba zinateleza juu ya chuma, na unaweza kukaza mpaka vidole viume na baiskeli isisimame. Ukivuka kijito kisha ukaanza kuteremka, kumbuka kwamba kwa muda huo huna breki za kutosha. Zibane kidogo kidogo huku ukitembea polepole mpaka zikaushe rimu.

Baiskeli za milimani, zenye gia, tairi pana zenye meno na breki za waya, zinakuja kama mtumba. Zinafaa zaidi kwa vilima. Ubaya wake ni kwamba vipuri vyake ni adimu na ghali, na nyingi zinafika waya zikiwa zimeota kutu ndani ya ganda. Kabla hujalipa, kaza breki ya mbele na ujaribu kuisukuma baiskeli mbele. Gurudumu likizunguka, hiyo si baiskeli ya hapa hata kama rangi yake inang'aa.

Sasa hesabu ya mzigo. Jerikeni moja la lita 20 ni kilo 20 za maji. Ukifunga manne, umeweka kilo 80 juu ya keria, yaani kama mtu mzima wa pili, na mtu huyo hajui kujishika kwenye kona. Mwendo nao ni hatari kuliko tunavyoona: ukienda mara mbili kwa kasi, unahitaji kama mara nne ya umbali ili usimame. Mahali ulipokuwa ukisimama kwa mita tano, sasa unahitaji ishirini. Kwenye njia yenye changarawe ni zaidi ya hapo.

Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, wala usisubiri uwe ndani yake. Tumia breki zote mbili. Ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa nguvu, lakini ukiibana ghafla kwenye mchanga gurudumu linateleza na wewe unaanguka kifudifudi. Rudisha makalio nyuma ya kiti, kunja viwiko, na uweke pedali zote mbili usawa mmoja ili mguu wa chini usigonge jiwe. Tazama mahali unapotaka kupita. Ukilikodolea macho shimo, utaingia shimoni; nimejaribu mwenyewe, na goti langu la kushoto lina alama.

Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kwenda ziwani, usibane breki mfululizo toka juu mpaka chini. Rimu inapata moto, raba zinalika, na tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana tena. Simama katikati uguse rimu kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ina moto, kaa kivulini kwanza. Na ukiwa na mzigo mzito, shuka utembee. Waliotoka Goma wamewaona wasukuma chukudu wakishuka na magunia ya viazi na makaa kutoka milimani. Mtu mwenye uzoefu ule bado anajua pa kuburuta mguu na pa kutoka juu ya chombo. Hakuna aibu ya kutembea kwa miguu.

Jambo la mwisho kuhusu tairi. Upepo mwingi sana kwenye njia ya mawe unafanya baiskeli irukeruke na kukosa mshiko. Punguza kidogo kwenye matope na mchanga, lakini usipunguze ukiwa umebeba mzigo, kwani tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na utapata pancha mbili kwa mpigo.

Kuingia msituni

Msitu wa Bugoma si pori lisilo na mwenyewe. Unasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA. Kukata miti, kuchoma makaa, kulima au kuwinda ndani yake bila idhini ni kosa kisheria, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji vilevile. Unaweza kusema wewe unaendesha baiskeli tu. Ni kweli, lakini mlinzi anayekutana na kijana ndani ya hifadhi akiwa na baiskeli, panga na gunia tupu hatasikiliza habari za matembezi. Usibebe panga. Usikubali kumsafirishia mtu gunia la makaa usilojua limetoka wapi, hata akikulipa vizuri: ukikamatwa njiani, mwenye mzigo ni wewe.

Ukitaka kupita ndani, uliza kwanza ofisi ya NFA au walinzi walio karibu ni njia gani inaruhusiwa na kama kuna ada. Ukisimamishwa, simama, shuka, onyesha kitambulisho, jibu kwa upole. Usikimbie.

Kuna na wanyama. Bugoma ni makao ya mamia ya sokwe. Wakiwa mbali na watu hawana neno, lakini katika ukanda huu wa Bunyoro imewahi kutokea sokwe kuwashambulia watoto wadogo karibu na mashamba, hasa pale msitu ulipokatwa na wanyama wakaanza kutafuta chakula vijijini. Ukiwaona, simama mbali, angalau mita kumi na zaidi ikiwezekana, usiwatupie kitu, wala usile mbele yao. Ukiwa na mafua au kikohozi usiwakaribie kabisa, maana maradhi yetu yanawaua. Mtoto mdogo usimpeleke huko kwenye keria.

Tazama pia chini. Wawindaji hutega nyaya kwa ajili ya swala wadogo, na waya uliofungwa karibu na ardhi unaweza kunasa gurudumu au mguu. Ukiuona, mwambie mlinzi.

Kama unachotaka ni raha ya kuendesha msituni, zipo sehemu zilizotengenezwa kwa hilo. Msitu wa Mabira, kati ya Kampala na Jinja, una njia za baiskeli. Walio Nakivale wako karibu na hifadhi ya Ziwa Mburo, ambako watu huendesha baiskeli wakiongozwa na askari wa wanyamapori. Na ng'ambo ya mpaka, Rwanda wana njia iitwayo Congo Nile Trail, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi. Kote huko kuna gharama, najua. Nimezitaja ili ujue kwamba mchezo huu una mahali pake, na kwamba vijana wa makazi wanaweza kuomba njia iliyopangwa kupitia viongozi wao badala ya kuingia kwa kujificha.

Karatasi zako

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea nchini, pamoja na masharti yake. Ukitoka nje ya makazi kwa baiskeli, beba kitambulisho chako cha mkimbizi. Ukikusudia kulala nje, ipitie kwanza ofisi ya OPM uulize unachohitaji.

Baiskeli nayo ina karatasi. Unaponunua ya mtumba, andikeni makubaliano mbele ya mwenyekiti wa RWC, au wa LC1 ikiwa muuzaji ni mwenyeji, na muandike namba iliyogongwa kwenye fremu. Bila karatasi hiyo, siku mwenye baiskeli iliyoibiwa atakapoitambua yake chini yako, huna la kusema.

Njiani beba pampu, viraka na gundi, maji, kitambaa safi cha kufunga jeraha, na tochi hata kama unatoka asubuhi. Mwambie mtu mmoja nyumbani unapita njia gani na utarudi saa ngapi. Ajali ikitokea, piga 999 au 112. Aliyeanguka na kuumia shingo au mgongo usimwinue kumweka kwenye keria au pikipiki. Mfunike apate joto, zuia damu kwa kukandamiza kitambaa, na umtume mwenzako barabarani akaite msaada. Ndiyo maana ni vizuri mtoke angalau watatu: mmoja akiumia, mmoja anakaa naye na mwingine anakwenda.