Alfonso Guerra na Nguvu ya Orodha katika Siasa za Hispania

Alfonso Guerra, aliyezaliwa Sevilla mwaka 1940, alikuwa mbunge mfululizo tangu Juni 1977, Hispania ilipofanya uchaguzi huru wa kwanza baada ya udikteta wa Jenerali Francisco Franco, hadi alipong'atuka Januari 2015. Hakuwahi kuwa waziri mkuu, lakini sauti yake ilikuwa nzito katika chama cha kisoshalisti cha PSOE, kwa kuwa mamlaka yake yalitokana na chama chenyewe zaidi kuliko na vyeo vya serikali.

Wakati wa Franco, PSOE ilipokuwa imepigwa marufuku, Guerra alifanya kazi ya siri pamoja na wakili Felipe González, na katika mkutano mkuu wa 1974 huko Suresnes, Ufaransa, kundi lao liliwashinda wazee waliokuwa uhamishoni, González akawa kiongozi wa chama. Tangu hapo González alikiwakilisha chama mbele ya umma, naye Guerra akasimamia chama kwa ndani, hasa akiwa naibu katibu mkuu kuanzia 1979 hadi 1997.

Uzito wa kazi hiyo ulitokana na mfumo wa uchaguzi, ambao humtaka mwananchi apigie kura orodha nzima ya chama katika mkoa wake bila kuweza kubadili mpangilio wa majina, hivyo kwamba anayepanga orodha huamua kwa kiasi kikubwa nani ataingia bungeni na nani ataachwa.

Mwaka 1978, majadiliano ya katiba yalipokwama, Guerra na Fernando Abril Martorell wa chama tawala walikutana faraghani na kuafikiana juu ya vifungu vilivyobishaniwa. PSOE ilipopata viti 202 kati ya 350 mwaka 1982, aliteuliwa naibu waziri mkuu, wadhifa alioushika hadi Januari 1991, alipojiuzulu kutokana na kashfa ya ndugu yake Juan, aliyekuwa akitumia ofisi ya serikali mjini Sevilla ilhali hakuwa na cheo chochote cha serikali.

Hata hivyo alidumu bungeni kwa miaka 24 zaidi. Nidhamu iliyojengwa kwa njia ya orodha iliipa nchi changa kidemokrasia serikali imara, lakini pia ilimfundisha mbunge kumcha mpanga orodha kuliko mpiga kura.