Insha Iliyoanzia Jikoni kwa Mama

Zamani misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora. Katika mji huo huo kijana wa Butiama, Julius Nyerere, alianza masomo ya sekondari mwaka 1937. Mwaka 1943 akaenda Chuo cha Makerere, Kampala.

Akiwa chuoni alisoma maandishi ya Mwingereza John Stuart Mill kuhusu wanawake kuwekwa chini ya wanaume. Yakamkumbusha nyumbani. Baba yake, Chifu Burito, alikuwa na wake 22. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmojawapo. Alijua walivyofanya kazi na walivyotaabika. Basi akaandika insha juu ya uhuru wa wanawake.

Kitabu kilimpa maneno, nyumbani kulimpa ushahidi. Alipoviweka pamoja kwenye karatasi, jambo alilolizoea tangu utotoni likageuka swali: je, hii ni haki? Ndiyo faida ya kuandika; kalamu humlazimisha mtu kufikiri. Mwaka 1946 alirudi Tabora, akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria.

Mama, mwanao akileta insha, usitazame alama tu. Muulize, "Wewe mwenyewe umeona nini?" Nawe ukijiunga na masomo ya watu wazima, usiseme huna la kuandika. Kuteka maji, kuuguza na kulea ni maarifa.

Tukumbuke pia kwamba watoto wanatutazama. Siku moja wakiandika habari za nyumba zetu, wataandika nini?