Paina ya Mufindi yauzwa ingali changa

Malori yanayotoka Mafinga kwenda Dar es Salaam hubeba mbao za aina mbili, ingawa kwa macho zote ni paina. Ya kwanza imetoka Shamba la Miti Sao Hill, takriban hekta 135,000 zilizo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Huko paina huvunwa ikifika miaka 18 na kuendelea, na mwenye kiwanda hulipia mita za ujazo. Ya pili imetoka kwenye ekari tatu nne za mwanakijiji, na mara nyingi ina miaka kumi tu, au hata minane.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaitambua misitu binafsi, lakini haikusema Januari ada ya shule italipwa na nani. Basi mnunuzi anakuja, analizunguka shamba kwa miguu, anataja bei ya shamba zima. Mwenye miti hana hata utepe wa kupimia. Anakubali, na hapo anapoteza fedha nyingi kuliko anavyodhani: mti wa kipenyo cha sentimita 15 ukiachwa ufike 30, ujazo wake huwa mara nne hata kama urefu haukubadilika. Na urefu nao huongezeka.

Dingidongi, zile mashine ndogo za kupasulia mbao zinazohamishwa shamba kwa shamba, hulaumiwa kwa kugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa pumba. Ni kweli, ila ndizo zinazomfuata mkulima alipo. Kwangu mimi, kosa kubwa zaidi huanza siku ya kupanda. Kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, ekari hubeba miti kama 450. Wengi hubananisha zaidi, kisha hawapunguzi wala hawapogolei, na mbao zinatoka nyembamba zenye vifundo.

Kuna moto pia. Kiangazi jirani huandaa shamba la mahindi kwa kiberiti, na jioni miaka saba ya kazi imekwisha. Barabara ya moto haina maana ikilimwa kwenye shamba moja tu.

Viwanda vya kumenya magogo vimeleta soko la miti myembamba, ikiwemo mikaratusi, na mkulima anapata fedha mapema. Vilevile vimemwongezea sababu ya kutosubiri. Mwenye paina ya miaka tisa ana mali, lakini akiomba mkopo huulizwa hati ya nyumba.