Ngozi ya yakuti ndani ya injini ya ndege

Jiko la mkaa la mama lilikuwa likibanduka magamba. Kila alipokung'uta majivu, vipande vyembamba vyeusi vilidondoka nayo, mpaka siku moja likatoboka chini. Sufuria ya alumini iliyokaa juu yake miaka yote haikubanduka hata kidogo. Sababu nilikuja kuielewa huku Derby, Uingereza, mji unaounda injini za ndege.

Chuma na alumini vyote huliwa na oksijeni. Tofauti ni kinachobaki. Oksidi ya chuma ina nyufa, hewa hupenya, na chuma huzidi kuliwa. Oksidi ya alumini hung'ang'ania metali iliyoizaa, ikaziba njia.

Ndani ya injini, gesi inayoyapiga mapanga ya turbini huzidi nyuzi 1,500 za Selsiasi, ilhali aloi ya nikeli iliyoyaunda huyeyuka kwenye nyuzi 1,300 na kitu. Hewa ya kupoza hupitishwa ndani ya mapanga ili yasiyeyuke, lakini bado nyuso zake hufika nyuzi 1,000 hivi. Kinga ya alumini basi huhitajika, lakini ikizidishwa ndani ya aloi yenyewe, panga huwa rahisi kuvunjika. Ndiyo maana huwekwa nje, kwenye tabaka lenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa njia ya zamani, panga hufukiwa katika unga wenye alumini na chumvi ya kloridi ya amonia, likaokwa kwa saa kadhaa mpaka alumini ikaingia.

Wengi hudhani tabaka hilo ni kama rangi iliyopakwa kwenye bati. Sivyo, hilo ni ghala. Hutoa alumini kidogo kidogo, nayo ikikutana na oksijeni hujenga ngozi ya maikromita chache tu. Ngozi hiyo ni madini yaleyale ya yakuti nyekundu ya Longido, Tanzania, ila haina kromi inayoipa yakuti wekundu wake.

Kila injini inapopoa, metali husinyaa kuliko ngozi yake, na ngozi huweza kubanduka. Ghala hutoa tena. Hapa ndipo ninapostaajabu zaidi: metali iitwayo yitri, isiyofika asilimia 1 ya tabaka, huifanya ngozi ishike kwa nguvu, kwa kuwa hunasa salfa ambayo ingeilegeza. Mtaalamu wa metali L. B. Pfeil alikwisha kupata hataza mwaka 1937, nchini Uingereza, kwa kuongeza metali za jamii hiyo kwenye nyaya za kupashia moto.

Pwani kuna adui wa ziada. Chumvi ya bahari ikichanganyika na salfa ya mafuta huwa majimaji ya moto yanayoyeyusha hata ngozi hiyo, na hapo kromi huhitajika kwa wingi zaidi.

Ghala likiisha, panga hupelekwa karakana. Kama aloi ya ndani haijaliwa, tabaka lililochoka huondolewa kwa asidi, panga likavishwa jipya na kurudi kazini.