Fimbo ya gofu isiwe pata potea: Pima urefu kabla hujalipa

Ukishuka matatu pale Adams Arcade kwenye Barabara ya Ngong, hutatembea sana kabla ya kufika soko la Toi. Humo utawaona watu wa kila tabaka wakijaribu viatu vya mtumba. Huyu anavaa, anapiga hatua mbili tatu, anavua, anadai kingine. Hakuna mkazi wa Nairobi mwenye akili timamu atakayelipia kiatu kabla hajakitia mguuni.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akienda kununua fimbo ya gofu, huchukua ile ya kwanza inayong'aa, akalipa na kuondoka. Ukimwuliza ina urefu gani, atakutazama kana kwamba umemwuliza uzito wa mwezi.

Kisa si cha mbali, msomaji. Kutoka Adams Arcade, uwanja wa Royal Nairobi, klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1906 na inayopakana na Kibera, uko karibu kabisa. Ukiendelea na Barabara ya Ngong utaukuta uwanja wa Golf Park kwenye eneo la mbio za farasi, na mbele zaidi upo ule wa Karen. Watoto wanaokua katika mitaa hii huuona mchezo huu kila siku, na wazazi wengi sasa wanauliza wanunue nini na waanzie wapi.

Jibu letu leo ni hili: anzia kwenye fimbo fupi, ile yenye uso bapa inayotumiwa kuusukuma mpira kwenye grini hadi utumbukie shimoni. Wachezaji huiita pata. Na kama hujaipima urefu, basi usishangae ikigeuka pata potea, ule mchezo wa karata tatu za barabarani ambao kila anayecheza huamini atashinda.

NUSU YA MCHEZO

Huenda ukajiuliza, kwa nini tusianze na draiva, ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa inayopeleka mpira mbali? Hebu tupige hesabu ya shule ya msingi.

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18, na kwa kawaida mchezaji hodari hutarajiwa kuumaliza kwa mapigo 72 au karibu na hapo. Katika hesabu hiyo, kila shimo hutengewa mapigo mawili ya grini. Mawili mara 18 ni 36. Maana yake ni kwamba nusu ya mchezo wote imewekewa fimbo moja, ilhali draiva haitumiwi zaidi ya mara 14 hivi. Hata hivyo, watu wengi huimalizia draiva pesa zote, kisha pata wanaiazima au wanairithi kwa mjomba.

Sasa tazama jinsi kosa dogo linavyogharimu. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, yaani ukingo wake uko sentimita 5.4 kutoka katikati. Ukisimama mita tatu kutoka shimoni na uso wa fimbo yako ukapinda kwa digrii moja tu, mpira utapotoka kwa zaidi ya sentimita tano. Hapo utakuwa umefika ukingoni. Digrii moja huwezi kuiona kwa macho, lakini mwili uliosimama vibaya huileta bila kubisha hodi.

FIMBO NDEFU, FIMBO FUPI

Pata ndefu kupita kiasi humfanya mchezaji asimame wima kama askari wa gwaride. Viwiko hukunjika na kutokeza nje, mpira hukaa mbali na miguu, na macho hubaki upande wa ndani wa mstari wa mpira. Ncha ya mbele ya fimbo nayo huinuka kutoka ardhini. Mtu wa namna hii huulenga mstari asiouona sawasawa.

Fupi kupita kiasi ina adhabu yake. Mchezaji huinama kama anayepalilia maharagwe, macho yakavuka mpira, na kisigino cha fimbo kikainuka. Dakika kumi za mazoezi si neno. Lakini mtu akizoea kufanya mazoezi saa nzima kila Jumamosi, kiuno kitamdai fidia. Kwa mzee au kwa mtu ambaye mgongo wake una historia, kinga ni bora kuliko tiba.

Jambo baya zaidi ni kwamba mwili ni mwepesi wa kuzoea. Baada ya miezi michache, mchezaji huwa amejifunza mbinu za kuifidia fimbo mbovu: anapinda mkono hapa, anasogeza bega pale. Siku moja anafanya vizuri, siku ya pili anaharibu, wala hajui sababu.

MPINI WA UFAGIO UNATOSHA

Usidhani kipimo hiki ni cha matajiri wenye walimu wa kibinafsi. Unahitaji mtu mmoja wa kukusaidia, utepe wa fundi cherehani, uzi wenye ufunguo mwishoni, na mpini wa ufagio. Vaa viatu visivyo na kisigino kirefu, vya aina utakayochezea.

Kwanza, simama mikono mitupu. Tenganisha miguu kwa upana wa mabega, legeza magoti, kisha inama kuanzia nyonga, si kwa kukunja mgongo. Acha mikono ining'inie kwa uzito wake wenyewe, halafu kutanisha viganja. Mahali vilipokutana ndipo mikono yako inapotaka kushika.

Pili, bila kuubadilisha mwili, shika mpini wa ufagio mahali hapo huku ncha yake ikigusa sakafu pale mpira utakapokuwa. Mwenzako atie alama upana wa vidole viwili juu ya mkono wa juu. Apime kutoka alama hiyo hadi sakafuni akifuata mlalo wa mpini, si kwenda chini wima. Huo ndio urefu wako wa kuanzia.

Tatu, yachunguze macho. Weka mpira mahali pake, kisha uache uzi wenye ufunguo uning'inie kutoka katikati ya macho, kama timazi ya mwashi. Ufunguo ukiangukia juu ya mpira, au ndani kidogo kuelekea miguuni, uko sawa. Ukiangukia ng'ambo ya mpira, umeinama mno.

Nne, ukiwa na pata yenyewe, iweke chini na umwombe mwenzako ajaribu kupitisha sarafu chini ya ncha ya mbele, kisha chini ya kisigino. Nafasi ndogo ya sarafu moja mbele haina ubaya. Ikiwa sarafu tatu zinapita, fimbo hiyo haikai vizuri.

Kwa makadirio tu, mtu mzima aliye chini ya futi tano huanzia karibu na inchi 32. Wa futi tano hadi tano na nusu hujaribu inchi 33, na wa kutoka hapo hadi futi sita hujaribu inchi 34. Aliyezidi futi sita huanzia inchi 35. Nyingi zinazouzwa madukani ni za kati ya inchi 33 na 35, yaani takriban sentimita 84 hadi 89.

Hata hivyo, usiyafanye makadirio hayo kuwa amri. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuhitaji fimbo tofauti, kwa kuwa mmoja ana mikono mirefu na mwingine anapenda kusimama wima. Ndiyo maana tunasema pima mikono ilipofika, usipime utosi ulipoishia.

UKINUNUA YA MTUMBA

Hakuna aibu kununua pata iliyotumika. Kichwa cha chuma hakizeeki upesi, na mpira wa kushikia hubadilishwa. Tatizo ni kwamba fimbo hiyo ilikatwa au kuchaguliwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Ikiwa ni ndefu kwako, usikimbilie msumeno. Ishike inchi moja chini ya kawaida yako kwa wiki mbili na uone. Ukiridhika, ndipo umpelekee fundi. Mwambie akate upande wa juu, wa kushikia, wala asiguse upande wa kichwa. Kumbuka kwamba ukifupisha fimbo, kichwa chake huhisiwa kuwa chepesi zaidi. Mafundi wa vifaa vya gofu hurekebisha hali hiyo kwa kubandika kichwani ukanda mwembamba wa madini ya risasi.

Ikiwa ni fupi mno, ni heri kuiacha dukani. Kurefusha kunawezekana, lakini kwa anayeanza ni gharama isiyo na haja.

MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Sisi wazazi wa mjini tuna mazoea ya kununua sare ya shule kubwa ili mtoto "akue nayo". Kaptura inaweza kukunjwa upindo, msomaji. Fimbo haina upindo.

Mtoto wa miaka minane akipewa pata ya baba yake ya inchi 35, atailazimika kuishika katikati. Kipande cha juu kitamgonga tumboni kila anapopiga, na kichwa kilichotengenezwa kwa mikono ya mtu mzima kitamvuta. Kuikata hadi nusu nako hakutoshi, maana uzito wa kichwa unabaki ule ule. Afadhali fimbo moja ya watoto inayomtosha kuliko mfuko mzima wa baba. Sheria za gofu zinataka pata isipungue inchi 18, kwa hiyo hata mtoto mdogo sana ana nafasi.

Mpime tena kila muhula shule zinapofungwa. Ile aliyoizidi mpe mdogo wake, au uibadilishe na mzazi mwingine klabuni.

Na hapa pana jambo la kufikiria. Vijana wengi wanaobeba mifuko ya wachezaji hujifunza kwa fimbo walizoachiwa na wenyewe. Ukimpa kijana pata yako ya zamani, hesabu wema huo kuwa haujakamilika hadi umeipima naye. Kijana mwenye kipaji anaweza kuamini mkono wake ni mbovu, kumbe ni fimbo iliyokatwa kwa ajili ya mzee wa kimo kingine.

ILE NDEFU YA KIFUANI

Pengine umeiona kwenye runinga pata ndefu inayofika kifuani, ambayo Wazungu wameibatiza jina la mpini wa ufagio. Justin Harding wa Afrika Kusini, mmoja wa wachezaji wanaojulikana kwa fimbo ya aina hiyo, alishinda Kenya Open hapa hapa Karen mwaka wa 2021. Naye Lucas Glover wa Marekani, aliyekuwa ametaabika kwenye grini kwa miaka, aliigeukia mwaka wa 2023 na akatwaa mashindano mawili kwa wiki mbili mfululizo.

Je, ni halali? Naam, lakini kwa sharti. Baada ya wachezaji kadhaa kunyakua mataji makubwa kwa fimbo zilizoegemezwa mwilini, akiwemo Keegan Bradley mwaka wa 2011 na Adam Scott mwaka wa 2013, wasimamizi wa gofu duniani walipiga marufuku mtindo huo kuanzia Januari 1, 2016. Fimbo ndefu yenyewe haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kuikita tumboni au kifuani, au kuubana kifuani mkono unaoishika, ili iwe kama bawaba ya mlango.

Kwa hiyo babu mwenye maumivu ya mgongo anaweza kuitumia ili asiiname, mradi mikono yake iwe huru mbali na kifua. Kwa mwanafunzi anayeanza, aanze na ya kawaida.

KABLA HUJATOA PESA

Omba muda kwenye grini ya mazoezi ukiwa na pata mbili zinazotofautiana kwa inchi moja. Piga mipira kumi kwa kila moja kutoka mita mbili, ukihesabu inayoingia. Kisha piga kumi kutoka mita nane, ukiangalia jinsi inavyosimama karibu na shimo. Mwishoni jiulize kama kiuno na mabega vimetulia. Chukua ile ambayo mwili umeisahau, hata kama si ile inayong'aa.

Na ukimwona mwanao amekasirika kwa kukosa shimo la karibu mara tano mfululizo, usianze kumfokea kwamba hana makini. Chukua utepe kwanza. Huenda mtoto yuko sawa, na kinachohitaji kusahihishwa ni inchi mbili za chuma.