Rangi Ina Kwao: Utangulizi wa Saikolojia ya Rangi kwa Wasanifu wa Tovuti

Mtu aliyejenga karibu na barabara kuu nchini Tanzania akiamka akakuta herufi X imepigwa ukutani kwake, jambo la kwanza analolitazama ni rangi. X nyekundu inamwambia kwamba amejenga ndani ya hifadhi ya barabara na atabomoa bila fidia. X ya kijani inamwambia kwamba barabara ndiyo iliyomfuata, baada ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 kupanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na kwamba anastahili kulipwa. Herufi ni ile ile. Anayezisoma kurasa hizi akiwa Nyakato, Mwanza, kando ya barabara ya Musoma, ana msingi wa somo letu tayari, hata kama hajawahi kusanifu tovuti.

Karibu, basi, katika saikolojia ya rangi. Ni taaluma inayouliza rangi humfanya nini mtu: humtuliza au humshtua, humpa imani au humtia shaka. Mwaka 1810 mshairi wa Kijerumani Goethe alichapisha kazi yake kubwa juu ya rangi, akapingana na mwanafizikia Newton na kusisitiza kwamba haitoshi kueleza mwanga bila kumweleza anayeutazama. Sisi tutaitumia taaluma hii katika kazi moja tu, tovuti, ambako kompyuta inampa msanifu rangi 16,777,216 za kuchagua na mteja anamwambia achague zinazovutia.

Mgeni wa somo hili hukutana kwanza na majedwali mepesi: bluu ni uaminifu, nyekundu ni hatari, kijani ni afya. Nakusihi uyaweke kando kwa muda. Si kwamba yote ni uongo. Mwaka 2020 Domicele Jonauskaite na wenzake walichapisha utafiti wa watu 4,598 kutoka nchi 30, wakaona kwamba mataifa yanafanana sana katika kuhusisha rangi na hisia: nyeusi na huzuni, nyekundu na mapenzi, na hiyo hiyo nyekundu na hasira. Lakini waliona pia kwamba kadiri watu wanavyokaa karibu, na lugha zao zinavyokaribiana, ndivyo majibu yao yanavyozidi kufanana. Majedwali yamechukua nusu ya kwanza ya matokeo ya namna hii na kuiacha ya pili. Nusu ya pili ndiyo inayomhusu msanifu wa Mwanza.

Nadharia ninayoiegemea ni ya Stephen Palmer na Karen Schloss, waliyoitoa mwaka 2010 wakiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wanasema mtu huipenda rangi kwa kadiri anavyovipenda vitu alivyovizoea vyenye rangi hiyo. Baadaye waliwapima wanafunzi wa Berkeley, ambao rangi zao ni bluu na dhahabu, na wa Stanford, ambao rangi zao ni nyekundu na nyeupe. Kila upande ulizipenda rangi za chuo chake kuliko wapinzani walivyozipenda, na aliyekishabikia chuo zaidi alizipenda zaidi. Kwetu hilo halihitaji maabara. Yanga ipo tangu 1935 na Simba tangu 1936, na shabiki wa moja hanunui shati la rangi za mwenzake hata likiuzwa nusu bei.

Nenda Mwaloni Kirumba, Mwanza, utazame biashara ya samaki. Mnunuzi wa sangara hufunua mashavu ya samaki kabla hajajibu bei. Yakiwa mekundu, samaki ni mbichi. Yakiwa yamefifia na kuelekea kijivu, mazungumzo yamekwisha. Sasa fikiria msanifu anayetengeneza tovuti ya muuza samaki huku akiogopa nyekundu kwa sababu jedwali limemwambia ni hatari, kisha anapaka kijivu kila mahali ili ionekane ya kistaarabu. Amempa mteja wake rangi ya samaki aliyelala.

Mfano ulio mkubwa kuliko wote katika ukanda wetu ni pesa za simu. Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007 ikiwa katika kijani cha kampuni hiyo. Tanzania huduma ilikuja mwaka 2008 kupitia Vodacom, ambayo siku hizo ilikuwa ya bluu, na mwaka 2011 Vodacom ikageuka nyekundu. Leo mtu wa Mwanza na mtu wa Kisumu, wanaokunywa maji ya ziwa moja, wanatumia huduma yenye jina moja, mmoja akiwa amezoea nyekundu na mwingine kijani, na wote wawili wanaikabidhi akiba yao bila wasiwasi. Nyekundu hiyo hiyo ndiyo ya Airtel Money pia. Kwa Mtanzania aliyepokea ada ya mtoto au mtaji wa genge kwa njia hiyo, nyekundu imeshakuwa, pamoja na maana zake nyingine, rangi ya pesa iliyofika. Kwa hiyo kitufe chekundu cha kulipia hakimtishi. Tatizo linaanza pale kitufe hicho na ujumbe wa kosa vinapopakwa rangi moja, maana hapo mteja hajui kama amelipa au amekwama.

Rangi nyingine zina wenyewe. Duka la pembejeo likichagua kijani na njano kwa kufikiria majani na mavuno, macho mengi yatasoma kwanza CCM, mengine Yanga. Pengine mwenye duka hana neno, lakini aulizwe. Nyeusi nayo: mzee wa Kisukuma aliyelelewa karibu na matambiko ya mvua anaikumbuka kama rangi ya wingu lililobeba maji, ilhali mwanawe aliyekulia mjini anaihusisha na msiba. Tovuti moja huwahudumia wote wawili.

Neno la tahadhari. Mwaka 1979 mtafiti Alexander Schauss alishawishi gereza la jeshi la majini la Marekani huko Seattle kupaka chumba cha mahabusu rangi ya waridi, akiamini inapunguza ukali. Magereza mengine yakaiga. Majaribio ya baadaye, yaliyopangwa kwa uangalifu zaidi, hayakuuona utulivu huo. Ukiambiwa kwamba rangi fulani ya kitufe itaongeza mauzo, dai ushahidi.

Kabla ya maana, hata hivyo, kuna kusomeka, na hapa sina upole. Mama anayefungua tovuti yako sokoni Nyakato anaifungua juani, kwenye simu aliyopunguza mwanga ili chaji ifike jioni, pengine kioo kimeshapasuka. W3C, chombo kinachoweka viwango vya tovuti duniani, kinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeusi juu ya nyeupe inafika 21, ambacho ndicho kikomo. Nyeusi juu ya njano iliyokolea inapita 19. Njano hiyo hiyo ikiandikwa juu ya nyeupe inapata 1.07, yaani karibu hakuna kitu. Nyekundu kamili juu ya nyeupe inaishia 4, na kile kijivu cha #999999 kinachopendwa sana na wasanifu hakifiki hata 3. Anayeandika bei kwa kijivu hicho amemnyima mteja habari aliyoijia, na sioni urembo unaoweza kuhalalisha hilo.

Wako pia wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini ni takriban 1 kati ya 12. Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo, nao wanalipa bili kama wengine. Malipo yaliyokamilika yasitambulishwe kwa kijani peke yake. Andika neno: yamekamilika.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, nakuomba utembee kutoka stendi ya Buzuruga hadi sokoni saa saba mchana. Waulize wauza vitambaa rangi ipi haikai dukani na ipi imelala, na waulize mawakala wa pesa za simu wateja wao wanaitambuaje huduma wasipojua kusoma. Kisha simama juani, fungua tovuti uliyoisanifu mwisho kwenye simu ya bei ndogo, na umpe mtu mwingine asome bei. Akishindwa, rudi ubadilishe rangi kwanza, ndipo tuendelee.