Ukienda Lamu, Usisahau Neti

Msomaji, ikiwa wakaa Plateau, karibu na Eldoret, na wapanga kuzuru kisiwa cha Lamu, utafurahia upepo wa bahari na mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini jihadhari na malaria. Kwenye baridi ya nyanda za juu ugonjwa huu si wa kila mara, hivyo mwili wako hauna kinga ya kutosha na waweza kulemewa upesi. Kabla ya safari, muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria. Lala ndani ya neti iliyotiwa dawa. Ukishikwa na homa, hata majuma kadhaa baada ya kurudi, usidhani ni mafua tu. Kapimwe damu siku hiyo hiyo, na umweleze daktari kwamba ulikuwa Pwani.